Ufunguo wa Tormister

Kibao kinasema: Ufunguo uko kwa Mowat,
nyumba ya tatu baada ya daraja.
Daraja lenyewe lilichukuliwa na maji
mwaka ule wa theluji ya Aprili,
kwa hiyo wageni huanza kuhesabu kutoka mahali pasipo kitu
na huishia kwa Magnus Budge, mfuga kondoo na hasira.
"Si hapa. Kule, penye mlango wa kijani."

Bi Donaldina Mowat hutoka akijifuta unga.
Ufunguo ni mrefu kuliko kiganja, mzito kama deni.
Hampi mtu. Huuvaa shingoni
kwa kamba ya bluu ya kufungia nyasi kavu,
naye hutangulia.

Njiani huonyesha kwa kidevu tu:
kile kifusi cha mawe, mnara wa watu
waliokuwepo kabla hapa hapajaitwa kitu;
zile kuta fupi, kwa akina Gunn,
waliohamishwa ili kondoo wapate nafasi;
ua wa mawe bapa, wima, bega kwa bega,
maana huku mti na upepo hawakuelewana.

Kisha kanisa.
Paa lilianguka bibi yake angali kigori.
Ukuta wa kaskazini umelala majanini,
kondoo wa Budge huingia na kutoka.
Lakini mlango upo. Mwaloni mtupu,
umesimama katika fremu yake
kama mtu aliyeambiwa, ningoje hapa.

Juzi kijana mmoja wa Glasgow alipitia pengoni,
akapiga picha, akarudi anacheka:
"Bibi, upande ule pako wazi!"

Alimtazama.
Alimtoa nje kwa kumshika mkono wa shati.
Akagonga mara tatu, hodi kwa wasiokuwepo,
akangoja muda wa mtu kutafuta viatu vyake,
akazungusha ufunguo. Kufuli likakohoa.
"Sasa ingia," akasema. "Na ufute miguu."

Mimi, mleta barua, nilikuwa nyuma yao na baiskeli.
Nilimwona kijana akifuta, soli moja, kisha ya pili,
juu ya jiwe lililoliwa na miguu hadi likawa bakuli,
akavua na kofia, mvua ikimnyeshea kichwani
humo ndani.

Jana nilimpelekea bili ya umeme.
Aliniuliza, kama aulizaye habari za hali ya hewa,
kama shingo huwa inaniuma.
Nikasema, hainiumi.
"Vizuri," akasema,
akarudi kwenye unga wake.