Usimponde

Mvua ya Novemba ilipoingia juma la pili
walianza kupanda ngazi.
Wekundu kwa weusi, wembamba kama punje ya mchele
iliyochovywa wino ncha zote mbili,
wakitoka kwenye nyasi za kando ya mto
na vishamba vya sukuma wiki nyuma ya ukuta,
hadi ghorofa ya tatu, Kariobangi,
wakiifuata balbu yetu.

Hawa si mende. Mende tumewazoea,
wana makao yao nyuma ya mtungi wa gesi
na kodi yao tunalipa sisi.
Si sisimizi, wanaojua sukari ilipo
hata tukiihamisha usiku, tukinong'ona.
Si yule mjusi wa nyuma ya kalenda,
aliyekonda Machi, akanenepa Aprili.

Huyu amepewa jina la mji mzima.
Nairobi flai, wanamwita,
na kuruka kwenyewe haruki sana. Anatembea,
mkia juu, kama karani aliyechelewa
asiyetaka kuonekana anakimbia.

Haumi. Hadungi. Hana mwiba.
Moto wake ameuficha damuni
na anayeutoa ni wewe, kwa kiganja chako.
Ukimponda shingoni, usiku huo huoni kitu.
Kesho yake ngozi inawaka, malengelenge,
mstari kama wa pasi ya mkaa,
na majirani wanakuuliza kwa macho
nani alikumwagia chai.
Shuleni, Mwalimu Kerubo alitupanga mstari
akatufundisha: usimponde, mpulize.
Tukapuliza hewa tupu, watoto hamsini,
mate yakaruka hadi ubaoni.

Siku ya tisa, mimi na Kasyoka hatusemezani.
Ni zile elfu sita za chama.
Nasema ni elfu sita, lakini
kuna pia sufuria, na maneno ya mama,
na kitu alichosema mbele ya wageni, akicheka.
Kitanda ni kimoja. Tunalala mzungu wa nne,
kila mmoja na miguu ya mwenzake usoni
kama barua asiyotaka kuifungua.

Usiku huo nilikuwa macho,
nashona pindo za sare za watoto wa watu.
Nikamwona. Alishuka kwa uzi wa chandarua,
akavuka mto, huu wa pamba, si ule wa majitaka,
akapenya kwenye nywele, akatokea chini ya sikio,
pale dada yangu ana baka la kuzaliwa.
Mkono wangu ulishapanda.
Nisiseme uongo: ulipanda haraka mno,
na hasira yake haikuwa ya mdudu.

Kofi moja tu. Nani angenilaumu?
Ningesema, kulikuwa na mdudu.
Na ingekuwa kweli.

Nikachomeka sindano kwenye kitambaa.
Nikainama, karibu, hadi nikanusa
mafuta yake ya nywele, yaani yangu, anayoyaiba.
Nikapuliza.
Hakutoka. Aliinua mkia, akang'ang'ana.
Nikapuliza tena, polepole,
kama mtu anayefufua jiko
lililobakiwa na kaa moja.

"Unafanya nini?"
Jicho moja wazi. Maneno mawili, siku tisa.
"Flai," nikasema.
"Ameenda?"
"Sijui. Usijikune. Tulia."
Akatulia. Akanipa shingo yote,
akageuza kichwa ili mwanga ufike.

Tulimtafuta kwenye mto, kwenye shuka,
kwenye mkunjo wa blanketi. Hatukumpata.
Elfu sita hazikutajwa. Bado hazijatajwa.
Ila aliniambia nizime taa, ndiyo inayowaita,
na pindo zangu zikabaki nusu,
nami nikalala palepale, upande wa kichwa chake,
tukisikiliza gizani
kama kuna kitu kidogo kinatembea.