Kigae Namba 212

Mwambani, kijiko cha katapila kilipogonga
kitu kisichokuwa jiwe,
Shekalaghe alizima injini. Hakuambiwa azime.
Alishuka, akakifuta kwa pindo la shati,
akasema: Hiki kimepikwa.

Ndivyo nilivyopata kazi ya miezi mitatu.
Kuosha kwa mswaki. Kuanika juu ya gazeti.
Kupaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi,
niliyonunua Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
muuzaji akiniuliza harusi ni ya nani;
kisha namba kwa wino, kalamu nyembamba kama mwiba,
kisha rangi tena juu ya namba, isifutike.

Shanga sitini na moja, nyingi za buluu, moja imepasuka.
Mavi ya chuma, kilo nne na nusu.
Mifupa ya kasa.
Vigae, vigae, vigae.
Na kila namba niliiandika mara mbili:
kwenye kompyuta yao,
na kwenye daftari langu la kaunta,
kwa kuwa umeme wa kambi ulikuwa wa kuvizia
na marehemu baba, karani wa mkonge kule Kigombe,
alikufa akisema mali bila daftari huisha bila habari.
Hakusema daftari likiwa la mwingine inakuwaje.

Mkataba ulikwisha Ijumaa.
Kompyuta ikapanda gari.
Masanduku arobaini na moja yakabaki ndani ya kontena
nyuma ya lundo la kokoto.
Vyote hivi ni vya Serikali, alisema mlinzi,
ila ufunguo anao meneja.
Na ripoti?
Ripoti ni ya mteja.
Wizara inajua? Wizara imeandikiwa barua.
Barua imefika? Barua imetumwa.

Bi Mwanamgeni Shechambo alikuja na fomu yake ya fidia,
imekunjwa mara nne, imelainika kama leso.
Minazi, kumi na minne. Choo, kimoja. Jiko la makuti, moja.
Hapa jikoni ndipo mlipochimba, alisema.
Miaka thelathini nimewasha moto juu yake.
Mbona humu hakimo?
Nikaanza: sheria, kilicho chini ya ardhi...
Mwanangu, akanikata, sidai kulipwa.
Nauliza kiko wapi.

Sikuwa na kontena la kumfungulia.
Nilikuwa na daftari.
Nikalipeleka mjini, maktaba.
Bwana Kilalo akatoa fomu: Jina la kitabu. Mwaka. Mwandishi.
Kwenye mwandishi nilikwama.
Namba ni zangu, mwandiko ni wangu,
lakini sikufinyanga, sikuvunja, sikufukia,
wala kufukua sikufukua.
Nikaacha wazi. Akagonga muhuri hivyo hivyo:
KISOMWE HUMU HUMU.

Alhamisi akaja, akavua viatu mlangoni
ingawa hakuna aliyemwambia.
Miwani hana. Nikamsomea:
Mia mbili kumi na mbili. Kigae. Shingo ya chungu.
Nje kina masizi. Ndani, alama ya kidole gumba.
Soma tena.
Nikasoma tena.
Akaweka gumba lake juu ya mstari,
akalizungusha kidogo,
kama mtu anayejaribu kama udongo umeshika.
Cha maji au cha mchuzi?
Haikuandikwa, bibi.
Si umesema kina masizi? Cha maji kitakwenda motoni kufanya nini?
Andika, cha mchuzi.
Andika na jikoni kwa nani.

Nikamtazama Bwana Kilalo.
Vitabu vya maktaba haviandikwi ndani,
tangazo liko ukutani kwa herufi nyekundu.
Alikuwa anachonga penseli.
Aliichonga muda mrefu kuliko inavyochongwa penseli,
akaiweka mezani, upande wetu,
akaondoka, akaenda kufunga madirisha.
Ilikuwa saa nne asubuhi.