Mabano

Venla ametoka zamu ya usiku, hajavua viatu vya wodini.
Nje, theluji ya Oulu imeziba nusu ya dirisha
na maktaba ya hospitali inanuka kahawa na makoti mabichi.
"Raili," aniuliza, "kwa nini wazee waliovunjika nyonga,
wakishapasuliwa, ikifika saa tisa usiku
huwaita mama zao?"

Miaka thelathini na moja nimeketi hapa
nikiwavua watu maswali yao mlangoni.
Nikashika penseli. Sikuandika wazee.
Sikuandika usiku, wala mama. Niliandika:

(kuweweseka AU kuchanganyikiwa)
NA nyonga* NA upasuaji SIYO watoto

Hiyo nyota ni kisu. Kwetu neno huota mkia,
na mkia juu ya mkia; unalikata shina linapoishia.
Ukikata mapema, nyonga huja na nyongo
na asubuhi yako yote huliwa na ini.

Na hiyo NA, wageni huiogopa wakishaielewa.
Sokoni, samaki na viazi ni vingi kuliko samaki.
Kwangu ni vichache:
ni wale tu waliokutana sufuriani.

Majibu mia mbili kumi na manne.
Venla akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka.

Tangu Septemba tuna kisanduku kipya.
Hakitaki mabano. Eljas wa kompyuta alituambia,
"Andikeni tu kama mnavyosema,"
akaondoka kabla hatujamuuliza tunasemaje.
Venla akaandika kwa kidole kimoja,
swali zima, na alama ya kuuliza mwishoni.
Mimi alama ile nimeizoea katikati ya neno,
ikishika nafasi ya herufi iliyopotea.
Sikumbuki lini mara ya mwisho niliiona ikiuliza.

Majibu saba.
La nne: kurasa mbili za muuguzi fulani
kuhusu kikongwe aliyeita mama, mama,
mpaka mtu mmoja akaitika.
Neno kuweweseka halimo hata mara moja.
Mstari wangu usingalilipata
hata ningaliketi hapa hadi barafu ya mto ivunjike.

Niliona wivu. Acha niseme hivyo.

Nikaenda kujaza kikombe, nikarudi,
nikauliza swali lilelile, herufi kwa herufi.
Majibu saba. Matano yaleyale, mawili mageni,
na yule muuguzi hayupo.
Nikashuka, nikapanda. Nikauliza kwa upole.
Kisanduku kikanijibu kwa upole zaidi.
Mstari wangu unakosea, najua,
lakini kosa lake lina anwani:
atakuja mwingine, atanyoosha kidole,
atasema, Raili, hapa ulisahau AU.

Venla alikuwa bado anateremka kwenye orodha yangu,
macho mekundu, shavu limeegemea ngumi.
Mia na arobaini. Mia na sitini. Akasimama.
Namba mia sitini na tatu: wagonjwa
ambao miwani na mashine zao za kusikia
zilifungiwa kabatini kwa usalama,
wakaamka gizani bila macho, bila masikio.

"Uuno," alisema. "Kitanda cha sita.
Miwani yake niliitia droo mimi mwenyewe."
Akatoka mbio, viatu vikilia sakafuni,
karatasi zote kaziacha mezani.

Nina daftari la mistari. Kila mstari una tarehe,
na pembeni, idadi ya majibu.
Nikaandika wa leo: 214.
Chini yake, polepole, kama mtu anayejaribu kalamu ya jirani,
nikaliandika swali la Venla lilivyotoka kinywani,
saa tisa ikiwemo, mama zao wakiwemo.
Nikafika pembeni, penwapo idadi.
Nikakaa na penseli hewani.
Kulikuwa kumekucha, au theluji ilikuwa imeanguka kioo;
nuru iliingia ghafla mezani,
nami bado sijaandika namba.