Taa ya Tatu

Ilikuja ndani ya sanduku, imefumbatwa na povu jeupe,
na Mzee Kiwelu akaiweka juu ya meza ya teleksi
kama mtu anayemkalisha bibi arusi kwenye kiti cha marehemu.
"Nukushi," alisema, maana redio ilisema hivyo.
Kufika saa nne ofisi nzima ilikuwa inaiita faksi.

Vitufe kumi na tisa. Nilivihesabu
kwa kidole chenye mafuta ya kitumbua.
Maandishi Kiingereza, kijitabu Kijapani.
Mama Eliaichi, miaka ishirini na miwili kwenye teleksi,
hakumuuliza mtu. Alikata plasta ya kidonda,
akaandika kwa wino wa bluu, akabandika:
ANZA. ACHA. RUDIA.
Chini ya kile kipana: BONYEZA HALAFU NGOJA MLIO.
Chini ya kimoja cha kijivu, pembeni: SIJUI, USIGUSE.

Taa zilikuwa tatu.
Ya kijani: nipo, nina umeme, semeni.
Nyekundu: nimekabwa. Unafungua kifuniko,
unaivuta karatasi taratibu, kama mwiba unyayoni mwa mtoto.
Ya tatu, rangi ya ganda la chungwa lililokauka,
haikuwaka mwezi mzima. Haikupewa plasta.

Jumatatu moja ya masika ikaanza kukonyeza.
Mzee Kiwelu aliitazama, akatikisa funguo mfukoni:
"Haipigi kelele, basi haiumwi."
Jumanne ikakonyeza. Jumatano
karani wa hesabu akaegemeza kalenda mbele yake,
ilikuwa inamkera.
Sisi tulikuwa tunatuma tu, bei, uzito, daraja la kahawa;
hatukujiuliza mbona hatujibiwi.

Alhamisi jioni nilibaki.
Lori la Kibosho lilikuwa linashusha magunia uani,
vumbi la maganda likiingia hadi kwenye chai.
Nikafungua kijitabu. Kijapani sikijui, lakini kilikuwa na picha.
Ukurasa wa thelathini na moja:
taa; gombo la karatasi lililokwisha;
bahasha nne zimelala ndani ya tumbo la mashine.

Nikaweka gombo jipya. Mashine ikakohoa,
ikaanza kusema ya siku nne kwa pumzi moja.
Hamburg wanauliza magunia mangapi.
Hamburg wanauliza tena.
Hamburg, kwa herufi kubwa.
Halafu mwandiko wa mkono, umeinama kulia:

*Kwa Mama Eliaichi, kwa hisani ya ofisi.
Mama, nimefika. Nilipotea siku ya kwanza, nitakusimulia.
Nipigie Jumatano saa mbili usiku,
nitakaa karibu na simu ya jirani. Namba ni sifuri sita*

na Moshi nzima ikazimika.

Umeme uliporudi, saa tano na robo,
taa ya kijani iliwaka. Ya tatu ilikuwa kimya,
kama mtu aliyefutiwa deni asilotaka kufutiwa.
Ukurasa wa thelathini na mbili kulikuwa na saa ya ukutani,
mshale umezunguka mara moja, na tumbo la mashine tupu.
Sikuwa nimefika ukurasa wa thelathini na mbili.

Ijumaa nilimpa nusu ile. Aliisoma akiwa amesimama,
koti lingali linadondosha mvua.
"Jumatano ilikuwa juzi," alisema.
Akavuta kiti, akafunga hesabu za siku kama kawaida.

Barua ilikuja baada ya wiki saba, yenye stempu,
yenye namba yote. Kijana alikuwa mzima.
Hata hivyo nusu ile aliitunza ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa,
na karatasi zile, mnajua, hazitunziki:
mwaka uliofuata ilikuwa nyeupe,
isipokuwa *Mama, nim*, na hilo nalo kwa kuinamisha dirishani.

Lakini Ijumaa ile ile, kabla ya kuondoka,
alikata plasta ndefu kuliko zote,
akaizungusha taa ya tatu kwa herufi ndogondogo
hadi wino ukapanda juu ya chuma:
HII IKIKONYEZA KUNA MTU ANANGOJA. WEKA KARATASI.