Nyumba Isiyo na Mlio

Mtoto wa Mbodze aliruhusiwa Alhamisi,
siku ya arobaini na moja,
gramu elfu moja mia nane na sitini;
pakiti ya unga bado ilikuwa inamshinda.
Muuguzi alimkaza kofia ya kijani, akasema, Nendeni salama,
na mlango wa chumba cha joto ukajifunga nyuma yao
polepole, kama unaona haya.

Nilifika Muyeye Jumamosi.
Sikubeba dawa. Mimi si daktari,
si mkunga, sina cheti cha kutundika ukutani.
Nilikikalia kile kiti cheupe cha plastiki,
chenye mguu uliofungwa waya,
miaka sita kabla yake.
Chuo changu ni hicho.

Mbodze alikuwa na macho ya mtu aliyelala moshini.
"Dada, nyumba imenyamaza.
Kule akisahau kupumua, mashine ililia.
Hapa atalia nani?"

Wageni walikwisha kupita.
Shangazi wa Ganda, na kuku wake kwapani:
"Mbona kama kidole?"
Jirani wa mlango wa pili:
"Na jina mmeshampa? Hamkuogopa?"
Mwingine alitaka afungwe hirizi,
mwingine ifunguliwe ile aliyofunga mwenzake.
Kuku yuko uani, amefungwa mguu,
hakuna mwenye nguvu za kumchinja.

Kahindi, baba mtoto, anauza vitunguu na nyanya
kando ya barabara ya Lamu.
Mizani ya duka ameileta nyumbani.
Kila alfajiri humlaza mwanawe kwenye sinia,
juu ya kitambaa cha maua,
mshale ukitetemeka, naye anatetemeka.
"Jana amepungua gramu ishirini!"
"Jana alikojoa," nikamwambia.
Akanitazama. Kisha akacheka,
na kicheko kikamponyoka kikawa kitu kingine,
akatoka nje kwenda kumwangalia kuku.

"Umekula?" nikamuuliza Mbodze.
Akanyamaza kama mtu aliyesikia
lugha aliyoisahau utotoni.

Basi nikasonga sima, nikachemsha mnavu,
nikaosha vikombe vya wote waliokuja kumpa hongera.
Kahindi nikamwambia, vua shati.
Akasita. Mama yake yupo pale, na mimi mgeni.
Vua.
Tukamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi,
leso juu, kofia ikichungulia chini ya kidevu,
na kile kifua chenye harufu ya vitunguu
kikaanza kupanda na kushuka kwa adabu,
kama kinamfundisha mtu kazi.
Mtoto akapiga chafya.
Mbodze akala tonge la pili.

Usiku nikamwambia, lala.
Kuanzia saa nne hadi saa nane
masikio ni yangu.

Nikasikiliza.
Pumzi. Pumzi. Pumzi ndogo.
Kituo.
(Kituo hicho nakijua. Kina urefu wa ukuta mzima.)
Pumzi.

Mbodze hajaniuliza
wangu yuko darasa la ngapi.
Akiuliza nitamwambia
nilivyotoka mlango ule ule
na mfuko wa nguo ambazo hazikuvaliwa.
Lakini si usiku huu.
Usiku huu si wangu.

Saa nane kasoro, mtoto akalia.
Si mlio wa mashine: kilio chembamba, kikali,
cha mtu anayedai chake.
Mbodze akaamka, akaketi,
akasikiliza kidogo kabla ya kunyoosha mikono.
"Ana njaa," alisema.
Siku mbili zote alikuwa akisema, Ana nini?

Jumatatu nikapita dukani kununua vitunguu.
Mizani imerudi kwenye meza yake ya mbao.
Kitambaa cha maua bado kiko kwenye sinia.
Kahindi aliniona ninavyokitazama,
akamimina robo kilo juu yake, taratibu, kimoja kimoja.
"Vitunguu navyo," alisema, "huchubuka."