Kiti cha Nusu Siku

Mkataba uliandikwa "pati taimu",
kwa wino wa bluu, pembeni,
kama kitu kilichosahaulika kisha kikakumbukwa.
Mama mkwe akaniuliza simuni, kutoka Korogwe:
"Umesemaje? Hupati taimu?"
Nikacheka. Siku hizi sicheki;
sijaona kamusi iliyolifafanua neno lile
kumzidi.

Maana ya ofisini ni hii:
saa mbili hadi saa saba, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mkwepu,
kuandika nyaraka za makontena nisiyoyaona,
matairi, vigae, marobota ya mitumba,
na kila kilichomo ni kizima, kimehesabiwa.
Nusu ni mimi.

Maana ya nyumbani, Mabibo, ni nyingine.
Bwana Kirumbi hajapata kunidai nusu ya kodi.
Luku hainiulizi mkataba.
Muuza samaki ana vichwa, ana mikia,
sehemu ya kati wameshanunua wenye muda kamili.
Na Mwanaidi wangu akiugua
huugua saa ishirini na nne.

Kuanzia saa nane kiti changu ni cha mwingine.
Sijawahi kumwona. Namjua kwa kiti:
kila asubuhi nakikuta kimeshushwa hadi chini,
nami twiga wa watu nakipandisha,
kikilia kama mbuzi wa mnadani.
Najua ni mfupi. Najua hunywa kahawa,
kwa duara analoniachia juu ya daftari la stakabadhi.
Najua sita yake inafanana na sifuri,
na wateja wawili wameshanitukana kwa sababu hiyo.
Droo yetu ni moja. Siku moja nilisahau humo karanga;
kesho yake nikakuta ndimu na kikaratasi:
"Ahsante. Chumvi imezidi. Ambakisye."
Basi tukawa marafiki wa droo, mwaka mzima.

Mhasibu akipiga hesabu, sisi ni mtu mmoja:
mikono minne, matumbo mawili,
mshahara mmoja uliokatwa kati
na kisu kilichojilia kidogo kila upande.

Jumanne moja nikafika, nikakaa,
kiti kikanipokea kwenye kimo changu.
Hakikulia.
Nikabaki nimeshika wenzo wake,
kama mtu aliyepiga hodi
akakuta mlango u wazi.

Bi. Kokuteta wa utumishi hakuinua macho.
"Amefiwa na mkewe. Msiba uko Mtoni Kijichi."
Nikauliza orodha ya rambirambi.
"Rambirambi ni ya muda kamili."
Alisema hivi hivi tu,
kama anayekwambia chai imekwisha.
Nilitaka kumuuliza kama marehemu naye
alikufa sehemu,
kama kaburi litachimbwa hadi saa saba
wachimbaji wakung'ute majembe, wende zao.
Sikuuliza. Mkataba wangu unaisha Desemba.

Siku ile saa saba ikanipita nimekaa.
Nikaiketi nusu yake juu ya nusu yangu,
sita zake nikazipa mikia,
simu zake nikazipokea kwa jina lake,
hata winchi za bandarini zikawasha taa.
Hakuna aliyenituma, hakuna aliyeandika popote.
Na ndipo, mara ya kwanza tangu niajiriwe,
nikajua uzito wa siku nzima.
Si mzito kivile.
Unabebeka.

Nikaacha bahasha kwenye droo,
noti ya elfu kumi, haina mkunjo wa katikati.
Nikazima feni.
Kisha nikavuta wenzo
nikakishusha kiti, polepole,
hadi chini kabisa.