Kikombe cha Noreen

Grimsby, saa kumi alfajiri, kiwanda cha samaki.
Tumebaki watano mezani, vikombe sita.
Cha Noreen hakuna aliyethubutu kukiosha;
rangi yake ya mdomo ingali ukingoni.

Krystyna anamimina chai,
sukari ya kila mtu anaijua kwa moyo.
Gareth amelia hadi kwikwi.
Polisi wametuhoji, wameondoka,
mashine ya barafu imeanza tena kunguruma.

"Maskini," anasema Wilf, akipuliza chai yake,
"kufia bandarini, na kiatu kimoja!"

Kiatu?
Gazeti halikuandika. Inspekta hakutaja.
Wenzangu wanaguna, wanachovya biskuti.

Wilf haniangalii.
Anasogeza bakuli la sukari upande wangu,
taratibu.

Kile cha pili
kimo kabatini mwangu, ndani ya buti la mpira.